Bunduki Isiyopiga Bismillahi

Bunduki ile tuliichagua watu watatu, na neno la mwisho lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kuwasikia wanangu wakisimulia kwamba baba yao ndiye aliyeitaka. Aliitaka, kweli. Baba mkwe wangu hakuitaka. Wakawa mmoja kwa mmoja, wakanigeukia mimi, mwanamke wa jikoni, nami nikasema. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa nimeolewa Koboko kutoka Adumi. Kwetu ni wakulima wa mihogo na simsim, na Jumapili tunakwenda kanisani. Mume wangu alikuwa fundi wa malori, mtoto wa ukoo wa wale askari wa zamani waliotoka Sudan, Waislamu wa mjini, watu wa kanzu zilizopigwa pasi. Nilisilimu kabla ya ndoa, na nilisilimu kwa moyo, si kwa ajili ya mahari. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mawifi zangu hawakula chungu changu. Hawakunitukana hata siku moja, adabu walikuwa nayo. Walisema wameshiba, au wanafunga sunna, na mwaka ule walifunga sunna nyingi ajabu. Siku moja niliwasikia nyuma ya ua wakisema shahada imeingia mdomoni lakini mikono bado iko Adumi. Nililia. Kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

Baba mkwe ndiye aliyeyakata maneno yale. Alikuwa askari mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini kama cha wenzake wote. Ijumaa moja baada ya sala, nyumba ikiwa imejaa watu, aliliitisha bakuli langu mbele ya wote, akala polepole mpaka akalifuta kwa kipande cha mkate. Kisha akasema, "Mimi nakula mukono ya huyu. Mutu anaogopa, akae na njaa yake." Tangu siku hiyo hakula kwa mwanamke mwingine pale nyumbani. Mawifi walianza kuonjaonja, isipokuwa yule mkubwa. Yule aliendelea na sunna zake.

Msidhani alinipenda kwa upofu. Alinifundisha, na alikuwa mkali. Mwezi wa pili wa ndoa yangu baiskeli ilimgonga kuku wetu barabarani, akafa palepale. Mimi nikamwokota, nikamnyonyoa, nikambandika jikoni. Kwetu nyama ni nyama. Mzee alipita, akauliza nani amechinja. Nikamweleza habari ya baiskeli bila wasiwasi wowote, hata nilikuwa nacheka. Hakunifokea. Aliepua chungu mwenyewe, akamtoa yule kuku, akamlaza kwenye jani la mgomba na kunionyesha: shingoni pakavu, mishipa imejaa, nyama imekuwa ya zambarau chini ya ngozi. Akaniambia neno ambalo sikuwahi kulisikia, kibudu. Mnyama aliyekufa na damu yake ndani. Akachinja mwingine mbele yangu, akanitaka nitazame damu inavyoruka na inavyokoma, na nyama inavyobaki nyeupe. Akasema macho yangu ndiyo yatakuwa macho yake, kwa sababu yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilijivuna siku ile kuliko siku ya harusi.

Haya, sasa bunduki. Mzee alikuwa na bunduki yake ya marisau, vile virisasi vidogo vya kupigia ndege, ya mtutu mmoja, ambayo ilikuwa imelisha nyumba ile kanga na kwale tangu mume wangu akiwa mtoto. Ilikuwa inapiga teke kama punda. Ikatokea giaboksi ya lori ikamwangukia mume wangu begani. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na kila alipojaribu bunduki ya mzee alirudi ameshika bega na macho yamejaa maji. Akaacha kuwinda. Akaanza kukaa tu. Mwanaume wa nyumba ile ambaye hawezi kuwaletea wageni kanga siku ya Idi, wallahi, ni kama amekatwa mkono. Wakati huohuo pini ya bunduki ile kuukuu ikavunjika, na fundi wa kuitengeneza hakuna.

Tukasikia kwamba Arua kuna Mzungu wa pamba anaondoka nchini na ana bunduki tatu za ndege za kuuza. Ilikuwa mwaka ambao watu wengi walikuwa wanaondoka. Tulikwenda wote watatu, mimi kwa sababu nilitaka kupitia kwa mama yangu, mzee kwa sababu ndiye aliyejua silaha. Bunduki zilikuwa zimelazwa juu ya taulo kwenye meza ya chakula. Ya kwanza ilikuwa ya mtutu mmoja, nyepesi, ya kawaida. Ya pili ilikuwa ya mitutu miwili, imechorwa majani na bata kwenye chuma chake, kitako cha mti mwekundu unaong'aa. Ya tatu ilikuwa otomatiki, nene, nzito mbele, haina urembo. Unaijaza risasi tano, kisha kila ukivuta kifyatulio inatupa ganda nje na kujipakia nyingine yenyewe.

Mzee aliipenda ya mitutu miwili. Aliifungua, akachungulia ndani ya mitutu akiielekeza dirishani, akaifunga taratibu na kusikiliza mlio wake wa kujifunga. Aliipima begani kwa mume wangu, akaangalia kitako kinafika wapi na shavu linakaa wapi. Sababu yake ilikuwa nyepesi, nami naikumbuka vizuri: mwindaji ana miguu miwili na kisu kimoja. Ndege wawili wakianguka anaweza kuwafikia wote wako hai, awachinje. Wakianguka watano, je?

Mume wangu, fundi yule, alikuwa amekwisha kuifungua otomatiki na kuelewa tumbo lake. Alitueleza kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu giaboksi. Mtutu wote unarudi nyuma ukipigwa, alisema, na ile nguvu ya teke ndiyo inayofanya kazi ya kupakia, kwa hiyo begani inafika kidogo tu. Mzungu akatupeleka nyuma ya nyumba, tukaweka kopo juu ya kichuguu. Bunduki ya mitutu miwili ilipolia mara moja tu, mume wangu alipauka midomo. Otomatiki aliipiga mara tatu mfululizo, akageuka akiwa anatabasamu.

Mzee akaishika otomatiki, akaipindua, akaitazama muda mrefu. Alikuwa na desturi yake: kila risasi aliyoitia kwenye mtutu aliitia kwa bismillahi. Risasi moja, bismillahi moja, ndipo anapoinua bunduki. Alitufundisha sote hivyo, hata sisi tusiowinda. Akamuuliza mwanawe, "Hii inajipakia yeye peke yake. Sasa bismillahi nani nasema?"

Mume wangu akasema atapiga bismillahi kila anapovuta. Mzee akasema wakati kundi la kanga linaruka mdomo hausubiri. Wakabishana kwa heshima, mmoja akisema Baba, mwingine akisema mwanangu, na hakuna aliyekubali. Mwisho mzee akanigeukia, akasema mimi ndiye nitakayepika, basi niseme.

Nilipaswa kusema ile ya mitutu miwili. Nilijua sababu yake ilikuwa ya kweli. Lakini nilikuwa nimeuona mdomo ulivyopauka, na nilikuwa nimeliona tabasamu lile. Na nisiwafiche, niliwaza pia Idi, nikaona masinia yangu yamejaa kanga na wifi mkubwa akiyatazama. Nikasema, "Baba, tuchukue ile ambayo bega linaweza." Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaweka sharti kwamba haitajazwa zaidi ya mbili, na kwamba kisu kikae kiunoni, si ndani ya mfuko.

Sharti lile lilishikwa msimu mmoja. Mume wangu alikuwa akienda Lurujo baada ya mavuno, wakati kanga wanashuka kuokota karanga zilizobaki shambani, na mvua ikisimama alikwenda kwenye vinamasi kutafuta bata mwitu. Msimu wa pili akajaza tatu. Kisha tano. Simlaumu, maana kundi likiruka mtu husahau hata jina lake. Lakini yale ya mzee yalitokea vilevile alivyosema. Ndege wanne chini, mmoja huku, mwingine kule kwenye mtama, mwingine ndani ya mafunjo ambako maji yanafika kifuani. Akimchinja wa kwanza, wa tatu amekwisha kukata roho.

Hapo alikuwa mwaminifu. Alikwenda na mifuko miwili. Waliochinjwa waliingia mfuko wa nyumbani, na waliokufa waliingia mfuko tuliouita mfuko wa Adumi, akaupeleka kwetu kwa baiskeli au akampa dereva yeyote. Ndugu zangu waliufurahia mpaka aibu. Kaka yangu alinitania kwamba ameanza kuuombea mguu wa shemeji yake upate ganzi kidogo, asikimbie sana, maana kibudu chetu ndiyo sikukuu yao. Hata mzee alicheka alipoambiwa. Ile ilikuwa miaka mizuri katika nyumba yetu, ingawa nchi ilikuwa na mambo yake na tulikuwa tumejifunza kutoyasema.

Kisha vitu vikaanza kukosekana. Sukari, sabuni, chumvi, na risasi za marisau pia. Mume wangu alinunua alizozipata, kutoka Kongo, kutoka kwa huyu na yule, nyingine hafifu, nyingine zimelowa na kukauka na kuvimba. Otomatiki haikuzipenda. Risasi dhaifu haina nguvu ya kuurudisha mtutu mpaka mwisho, kwa hiyo inalia mara moja halafu ganda linakwama. Bunduki ya mtutu mmoja isingejali. Mzee hakutukumbusha hata mara moja, na sisi tulikuwa tunasubiri atukumbushe.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa mzee akaanza kukataa chakula. Kitu kilikuwa kimeota kooni au tumboni, hatukujua. Hospitali ilikuwa haina dawa na waganga wake wengi walikuwa wameondoka. Vita vilikuwa vinakuja kutoka kusini na watu walianza kufunga mizigo. Mimi nilikuwa nafikiria kijiko kimoja tu, kipite kooni mwake. Nilimpikia uji, akatema. Maziwa, akatema. Mchuzi wa kuku, akageuza uso. Siku ya tano ya kutokula alisema, mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba angeweza supu ya kanga.

Mume wangu alitoka alfajiri na risasi tatu, ndizo zilizokuwa zimebaki. Alirudi saa nane mchana na kanga mmoja. Alimweka mbele yangu jikoni, akaenda kunawa. Shingo ilikuwa imekatwa vizuri. Nikamshika kwa miguu, nikamgeuza, hakuna kilichodondoka. Manyoya ya shingoni yalikuwa makavu, ya kijivu, safi kabisa. Nikaanza kumnyonyoa, na chini ya bawa nyama ilikuwa ya zambarau.

Nilimfuata alipokuwa akinawa. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba risasi mbili hazikulia kabisa. Ya tatu ililia, ganda likakwama, ndege akaangukia ng'ambo ya kijito, na alipofika alikuwa amekwisha. Alikata tu. Akasema, "Sikuweza kurudi mikono mitupu, mama watoto. Wewe amua."

Niliamua tena. Sikumwambia ampeleke Adumi. Sikwenda kwa mzee kumwambia, Baba, hali ni hii. Nilirudi jikoni, nikamchemsha yule ndege kwa muda mrefu, nikamwaga maji ya kwanza yaliyokuwa meusi, nikatia ya pili, nikaweka kitunguu na chumvi yetu ya mwisho mpaka supu ikawa nyeupe. Nilipika kama siku nyingine yoyote. Hilo ndilo linaloniogopesha nikikumbuka.

Nilimkuta amekaa, ameegemezwa kwenye magunia. Mawifi wote walikuwa mle chumbani. Wakati huo macho yake yalikuwa hayaoni chochote ila mwanga. Alinusa, akauliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Aliinua mkono, akaukuta mkono wangu wenye bakuli, akaushikilia.

"Umeona damu?" akauliza.

"Nimeiona, Baba."

Akapiga bismillahi, akanywa. Alikunywa yote. Alikula na nyama ya kifuani niliyomchambulia vipande vidogo, akamung'unya, akameza. Ilikuwa mara ya kwanza kumeza kitu kwa siku tano. Kisha akataka mikono yangu yote miwili, akaifungua kama mtu anayepokea, akaniombea dua mbele ya binti zake. Alimwomba Mungu aitakase mikono ile kama ilivyomtakasia chakula chake. Wote wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, sikuwa na la kufanya. Mume wangu alikuwa mlangoni. Akatoka nje.

Alikufa siku ya nne. Katika siku hizo hakula kitu kingine. Msibani wifi mkubwa alikuja jikoni, akanikumbatia shingoni, akalia, akasema baba yetu amekwenda na halali tumboni na imetoka mkononi mwako. Akala chungu changu siku ile. Ningetoa chochote katika miaka yangu ya mwanzo kumwona anakula. Nilikaa pembeni ya moto, nilitamani anitukane.

Miezi michache baadaye tulivuka mpaka kuingia Sudan, kama wengi. Kabla ya kuondoka mume wangu aliitupa bunduki chooni, kwa sababu mtu akikamatwa njiani na kitu kinachoitwa otomatiki hakuna atakayesikiliza habari za bata. Kule kwenye kambi ya wakimbizi aliacha kusema. Si kwamba alinuna, alijibu akiulizwa. Lakini alikuwa akikaa muda mrefu baada ya sala viganja vikiwa wazi, na mara moja moja aliniuliza kama nadhani mzee huko aliko amekwisha kujua. Alisema amemlisha baba yake kibudu, na kwamba mtu anaweza kutubu dhambi yake lakini hawezi kukitoa chakula kwenye tumbo la maiti. Kulikuwa na mwalimu wa dini, mtu msomi, upande wa pili wa kambi. Mume wangu aliona haya kwenda. Aliniomba niende mimi, niulize kama vile naulizia watu wengine.

Nilikwenda. Nilisimulia habari ya mwanamke fulani na mzee fulani. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa na haraka. Akasema mgonjwa ambaye siku tano hakuna kinachopita kooni, naye akaweza kitu kimoja tu, dini haikumfungia mlango. Hicho kimoja kinakuwa halali yake mpaka apate nguvu. Akauliza kama mwindaji alilitaja jina la Mungu alipopiga. Nikasema naamini alilitaja. Akasema basi wako wanazuoni ambao kwao yule ndege hakuwa na shida tangu mwanzo. Mwindaji hana kosa, mzee hana kosa.

Kisha akauliza, "Na yule mwanamke, kwa nini hakumwambia mzee ukweli? Mzee angekula."

Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Mzee angekula, lakini angekula kwa ruhusa ya Mungu, si kwa mkono wangu. Nami nilitaka ale kwa mkono wangu.

Nilirudi nikitembea polepole. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni pa hema, ameniona kwa mbali, amevaa hata kofia yake ya sala. Njia nzima nilikuwa nimejipangia nitakavyomwambia: huna kosa, baba watoto, mwalimu amesema huna kosa. Angelala usiku ule. Lakini nikawaza kwamba nikimwambia atauliza, basi kosa lilikuwa la nani. Na hata asipouliza, tangu saa ile ningekuwa nalo peke yangu, yeye akiwa amepona na mimi bado. Niliogopa. Husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi haijafika mwisho mpaka leo.

Nikamwambia sikumkuta mwalimu, amesafiri.

Hakuniomba tena. Tuliishi pamoja miaka mingine mingi, tukarudi Koboko, tukajenga upya, tukaoza watoto. Alikufa akiamini kwamba alimlisha baba yake kibudu, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwake, nimemshika mkono, nina maneno ya mwalimu mdomoni, na sikuyasema.